Shemeji na Ukumbi wa Trei za Mayai

Shemeji yangu anatembea na maputo kwenye mkoba wake wa kazi. Mtu mzima, mvi zimeshaingia hadi kwenye nyusi, mhadhiri wa chuo kikuu, lakini akifungua mkoba kutafuta kalamu yanamwagika maputo mekundu na ya manjano. Siku mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, alisimama katikati ya sebule, akaomba radhi, akapuliza puto likavimba kama kichwa cha mtoto, akalitoboa kwa pini. Mama akaangusha kikombe. Mwenzetu kafumba macho, anasikiliza.

"Sebule nzuri," akasema. "Sauti inakufa upesi. Ni mapazia haya, na wingi wa watu."

Mama akamvuta mdogo wangu jikoni. "Umetuletea mwanamume au umetuletea mgonjwa?"

"Ni mhandisi, Mama."

"Mhandisi wa nini?"

"Wa sauti. Anazuia kelele."

"Basi aanze na wewe."

Mimi nilimwelewa kabla ya wenzangu kwa sababu ya ile pini. Nauza vifaa vya ujenzi. Nilianza na misumari ya kunyoosha, ile inayong'olewa kwenye mbao za nyumba zilizobomolewa. Mtu akigonga tofali kwa kifundo cha kidole asikie kama limeiva, namheshimu. Huyu anatoboa puto asikie kama chumba kimeiva. Sauti ikifa upesi, chumba ni cha kusemea. Ikizunguka ukutani kama nzi aliyefungiwa, chumba ni kibovu. Hiyo ndiyo mizani yake.

Tatizo ni bidhaa. Kitu kisichoonekana kukiuza ni taabu. Yeye alikwenda kusoma ng'ambo kitu ambacho kikifanywa vizuri hata hakisikiki.

"Shemeji," nilimwuliza, "mteja wako analipia nini? Kutosikia?"

"Wenye pesa ndio wenye kelele, shemeji. Wanaoumia hawana cha kulipa."

Nikajua pale pale kwamba mdogo wangu hatakaa nyumba ya ghorofa.

Idara yake iko chini kabisa ya jengo la uhandisi, nyuma ya vyoo. Maabara ya sauti ilikuwa stoo. Ukuta wake umeungana na ukuta wa choo cha wanafunzi, na mtu akivuta maji, kipimo kilichokuwa kinaendelea kimeharibika. Mtaalamu wa kuzuia kelele anafanya kazi kwa ratiba ya matumbo ya wenzake. Ukiingia, harufu inakupokea kabla ya mwenyeji. Aliomba ahamishwe, akaambiwa avumilie, akavumilia. Kuvumilia ndiko alikofuzu kuliko hiyo sauti yenyewe.

Mkuu wa idara ni profesa ambaye wanafunzi walimbatiza Kwanza Mimi. Utafiti wowote ukitoka idarani, jina lake linakaa la kwanza, hata kama siku za kupima alikuwa kwake anasimamia mafundi wa kisima. Ana tabia ya kuchokonoa meno kwa kona ya kitambulisho cha kazi, kukitazama alichokipata, kisha kukipaka kwenye ukingo wa meza. Upande ule wa meza una utando. Mimi nimekula chakula juu ya mifuko ya saruji, tena kwa mikono isiyonawiwa, lakini meza ile ilinifanya nimeze mate mara mbili.

Kazi kubwa ya maisha ya shemeji ilikuwa kiwanda cha nguo. Mitambo ya kufumia, ikiwa yote inakwenda, unaongea na mtu kwa kumwekea mdomo sikioni, na bado hasikii. Jirani wa duka langu alikuwa mfumaji pale tangu ujana. Sisi tunamwita Mama Sema-Tena, maana ukimsalimia lazima urudie.

"Habari za asubuhi, mama!"

"Sema tena!"

"Nasema habari za asubuhi!"

"Saruji sitaki, mwanangu, sijengi."

Mtaa mzima ulicheka. Shemeji hakucheka. Alikwenda kiwandani na vipima kelele vidogo, vidogo kama kifungo cha koti, akavibandika begani kwa akina mama, karibu na sikio, wakafanya navyo kazi zamu nzima. Meneja alishamwonyesha kipimo chake mwenyewe, kizuri kabisa, kisichodhuru hata mbu. Kilichukuliwa kwenye mlango wa ofisi yake, dirisha limefungwa. Shemeji akamwambia, "Bosi, kelele inayodhuru si ile iliyoko mlangoni kwako. Ni ile inayomfikia mtu." Alirudi tena na tena mpaka akawa na ushahidi usiotingishika kwamba wale wanawake walikuwa wanatolewa masikio kidogo kidogo, kama mtu anavyomaliza sabuni. Utafiti ukachapishwa. Jina la kwanza, Kwanza Mimi. La pili, kwa herufi zile zile lakini kwa aibu, shemeji.

Wafumaji wakafungua madai mbele ya baraza la kazi. Walitaka kulipwa fidia ya masikio yao, na shahidi wao wa kitaalamu alikuwa mmoja tu. Shikilia hapo. Kila kitu kinachofuata kinahusu neno la mtu huyo mmoja, lina thamani gani.

Sasa chuo kikajenga ukumbi. Ukumbi mkubwa, vioo mbele, vigae vinang'aa, viti vyekundu. Shemeji akapewa kazi ya kuchora kuta za ndani ili watu wasikilizane. Akachora vizuri: nyuma ya kitambaa kuwe na mbao zenye vitundu, na nyuma ya mbao pamba ya mawe. Ni pamba kweli, inafumwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Sauti ikiingia humo haitoki. Mjenzi alikuwa mkwe wa Kwanza Mimi. Mimi niliomba kuuza ile pamba, nikakosa, sikulia. Anayelilia zabuni hajui zabuni. Ila kuna jambo lilinikaa rohoni. Wanaoagiza pamba ya mawe mjini kwetu nawajua wote, na hakuna hata mmoja aliyeuza.

Ukumbi ulipokaribia kufunguliwa shemeji akaja dukani. "Twende ukanitazamie kitu. Wewe unajua vifaa."

Tukaingia mchana, hakuna mtu, viti bado vina nailoni. Akatoa puto jekundu, akalipuliza, akalitoboa.

Jamani. Ule mlio ulikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, ukarudi, ukatupita, ukarudi tena na wenzake. Nilijikuta nimeinama. Shemeji alisimama kafumba macho, na uso wake ukawa unashuka kadiri ule mlio ulivyokataa kufa.

"Hamna pamba," akasema.

"Kuna nini basi? Maana kitu kipo, ukuta umevimba. Na hii harufu je?"

Harufu ilikuwepo, nzito, tamu tamu, kama friji iliyokatwa umeme. Akatoa bisibisi, akang'oa ukanda wa pembeni, kitambaa kikafunguka kama ngozi ya jipu. Nyuma yake hakukuwa na mbao zenye vitundu. Kulikuwa na trei za mayai. Za karatasi, zilizokwisha kutumika, zimepigiliwa misumari juu hadi chini. Ute ulikuwa umekaukia humo, vipande vya maganda, manyoya, na kinyesi cha kuku kilichogandamana na karatasi kikawa kitu kimoja. Mende walipoona mwanga walimwagika sakafuni kama mchele kwenye gunia lililopasuka. Mmoja alipanda kwenye kiatu changu, hana hata haraka, kama mwenye nyumba.

Nikakimbilia mlangoni nikashika ukuta.

"Watu wanaamini," shemeji akasema nyuma yangu, sauti yake inazunguka ukumbi mzima pamoja na mende. "Wameona mahali mtu kabandika trei, wakadhani ni dawa. Shemeji, trei ya mayai inazuia mayai yasigongane. Basi. Sauti inapita hapo kama nzi kwenye dirisha lililo wazi."

"Hawakuamini lolote hawa," nikamwambia. "Hawa walihesabu. Trei zinatupwa bure nyuma ya kila duka la keki. Pamba ya mawe haitupwi."

Akaenda kwa Kwanza Mimi na ushahidi wake mkononi: trei moja ndani ya mfuko wa nailoni. Alitusimulia mwenyewe jioni yake, mezani kwa mdogo wangu.

"Nimemwekea mezani. Unajua kaniuliza nini? 'Kwa nini unafunua vitambaa vya watu?'"

"Na wewe ukasemaje?" mdogo wangu akauliza.

"Nikamwambia ukumbi haufai. Akaniambia siku ya ufunguzi mgeni rasmi atapenda kusikia neno la mtaalamu. Maneno machache tu, kwamba ukumbi ni wa hali ya juu. Halafu akasema uprofesa wangu umeshafika mezani kwake, anatafuta tu kalamu."

Mdogo wangu aliweka kijiko chini. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mke wa mhadhiri. Walioingia idarani wakiwa wanafunzi wa mumewe walikuwa sasa wanaitwa profesa, na wake zao wanampita sokoni wakimpungia kwa vidole viwili. "Dada," akaniambia, "mwambie. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie nini? Anachouza ni jina. Jina si saruji, ukiliuza leo huagizi jingine kesho. Na kuna wale wafumaji wanaolitegemea."

"Siuzi," shemeji akasema, na akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda. "Nitausifu, lakini hakuna atakayenisikia. Mnajua kwenye ukumbi wa mwangwi mtu anatakiwa aseme pole pole, anyamaze, aseme tena, mwangwi umalizike. Ukikimbia, maneno yanapandana, neno la mbele linamezwa na la nyuma. Mimi nitakimbia. Kwanza Mimi ataona midomo inacheza. Wengine watasikia uji."

"Kwa hiyo unapokea bei na mali unabaki nayo."

"Ukitaka kusema hivyo."

"Huo ni wizi, shemeji. Na wewe si mwizi mzoefu."

Mdogo wangu akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Chakula kilikuwa chake.

Siku ya ufunguzi walikuwa wamepuliza manukato kwenye kuta. Manukato juu ya kinyesi cha kuku. Nani alimwambia mwanadamu kwamba mawili hayo yakikutana moja linashinda? Nilikaa nyuma, kitambaa puani. Mende mmoja alitoka chini ya kitambaa cha ukutani, juu kidogo ya kofia ya mke wa mgeni rasmi, akatafakari, akarudi ndani. Kwanza Mimi alizungumza muda mrefu na hakuna aliyeambulia kitu, ila kila mtu alitikisa kichwa. Debe tupu haliachi kuvuma, nalo lilikuwa limepata debe lenzake kubwa la kulijibu.

Shemeji akaitwa. Akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo, akakimbia kama alivyoahidi. Haki ya Mungu, nilijua anachosema na bado sikukisikia. Ilikuwa kama pipa la kokoto linamwagwa ngazini. Mgeni rasmi akamwinamia jirani yake, "Kasemaje?" Jirani naye akapiga makofi, na wote wakafuata, makofi yakawa kama mvua juu ya bati. Kwanza Mimi akamkumbatia. Shemeji akanitazama juu ya bega la yule mtu na kunikonyeza.

Uprofesa ukatoka. Mdogo wangu akabadilisha mapazia. Mimi nikajiambia labda nimezeeka, labda biashara za siku hizi ndivyo zilivyo.

Asubuhi moja vijana wanashusha mabati dukani, redio inaongea peke yake, nikasikia sauti ya shemeji. Safi, kavu, kila herufi imekaa mahali pake: "Mimi kama mtaalamu wa sauti nathibitisha kwamba ukumbi huu ni wa kiwango cha juu kabisa, na kila neno linalosemwa ndani yake litasikika." Kisha muziki, kisha msichana anataja namba ya kupiga kwa anayetaka kukodi ukumbi wa chuo kwa mikutano na sherehe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kinatembezwa na shemeji yangu.

Alikuja kabla sijamtafuta. Akakaa juu ya mifuko ya saruji na suti yake ya uprofesa.

"Waya," akasema.

"Waya gani?"

"Maikrofoni ilikuwa mdomoni mwangu. Sauti iliyoingia kwenye waya ilikuwa ya mdomo, si ya ukumbi. Waya haupiti ukutani, shemeji. Fundi wa mitambo alikuwa anarekodi tangu mwanzo. Maisha yangu yote nimewaza vyumba. Nikawaza chumba. Sikuwaza waya."

Mtu mwingine yeyote angekosea kitu kingine. Asiyejua lolote angenyamaza tu, au angedanganya wazi wazi akaenda zake. Yule alihitaji elimu yote ile ili adanganye vibaya kiasi kile.

Umoja wetu wa wauza vifaa ulikuwa wa kwanza kuukodi ule ukumbi. Mwenyekiti alisoma taarifa, tukasikia "bubu-bubu-bubu." Muuza rangi akasimama, akaniuliza kwa kupiga kelele mkono umezunguka mdomo, "Huyu wa redioni si shemeji yako? Mwambie tumesikia kila neno, ila yote kwa pamoja!" Wakacheka, na hata kicheko chao kiligoma kuondoka.

Lakini muuza rangi si kitu. Kitu kilikuwa baraza la kazi. Siku ya shemeji kutoa ushahidi nilikwenda, kwa sababu Mama Sema-Tena ndiye aliyekuwa mdai wa kwanza na alihitaji mtu wa kumrudia sikioni kila kinachosemwa. Chumba kilikuwa kidogo, feni moja, wafumaji wamebanana kwenye mabenchi. Shemeji alieleza vipimo vyake vizuri, pole pole, kwa kituo, nami nikawa namrudia mama wa watu, naye anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Wakili wa kiwanda akasimama. Kijana wa kunukia, viatu vyenye ncha. Hakugusa vipimo hata kimoja. Alitoa simu, akaibonyeza, na sauti ya shemeji ikaujaza ule mkebe wa chumba: "Mimi kama mtaalamu wa sauti nathibitisha..."

"Ni sauti yako, Profesa?"

"Ni yangu."

"Ukumbi huo nimefika. Baraza hili likipenda tutakwenda sasa hivi, kwa miguu, tukasikilize. Uliyosema humo ni kweli?"

Shemeji akatazama maputo, maana mkoba ulikuwa wazi miguuni pake. Akiitikia, mwenyekiti wa baraza anakwenda kusikiliza uji kwa masikio yake. Akikataa, kajiita mwongo.

"Si kweli," akasema. "Nilidanganya. Nilitaka cheo."

Mama Sema-Tena akanivuta mkono. "Sema tena! Kasemaje?"

"Ngoja kwanza, mama."

"Kasemaje Profesa wetu?"

Watu wote wakanigeukia. Huwezi kumnong'oneza mama yule. Nikamwekea mdomo sikioni nikasema kwa sauti ambayo hata bawabu alisikia: "KASEMA ALIDANGANYA!"

"Kuhusu masikio yetu?"

"KUHUSU UKUMBI!"

"Sasa ukumbi na sisi wapi na wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mwenyekiti akasema shahidi aliyekiri kudanganya katika taaluma yake kwa ajili ya cheo hawezi kutegemewa, vipimo vyake vinawekwa kando. Wafumaji wakaanza kuguna. Ndipo wakili wao, binti mwembamba ambaye mpaka hapo nilidhani amekuja kushika mafaili, akainuka.

"Mheshimiwa, utafiti huu una wenyewe wawili. Huyu ni jina la pili. Jina la kwanza ni mkuu wake wa idara. Naomba aitwe huyo."

Mwenyekiti akakubali. Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameshafika huko akilini, ameshaiona hatari.

Maana Kwanza Mimi hakuwahi kukanyaga kile kiwanda. Angeulizwa kipima kelele kiliwekwa wapi, angesema juu ya meza. Wale wanawake wangeondoka na masikio yao mabovu na nauli yao.

Kesho yake nikampeleka shemeji kwa gari langu mpaka chuoni, nikaingia naye. Kwanza Mimi alikuwa kwenye meza ile ile, kadi ipo kwenye jino la nyuma.

"Umeniaibisha barazani," akamwambia shemeji. "Cheo, cheo. Nani alikuomba utaje cheo?"

"Profesa," nikaingilia, "hayo yamepita. Unaitwa barazani. Ukisema utafiti si wako, watakuuliza jina lako linafanya nini pale juu, na juu ya tafiti nyingine zote. Ukisema ni wako, utaulizwa maswali. Majibu anayo huyu. Tuzungumze bei."

Akachomoa kadi, akakitazama alichokipata, akakipaka mahali pake. "Mama wewe ni nani?"

"Shemeji yake. Nauza misumari."

Alicheka, na bei yake akaitaja bila kupepesa: shemeji arudishe uprofesa kimya kimya, tena aseme alidanganya kwa kiherehere chake, hakuna aliyemtuma. Trei za mayai zisitajwe tena. Shemeji akaitikia haraka mno. Sijawahi kuona mtu anauza vibaya kiasi kile. Nikamkanyaga mguu.

"Na maabara ihame kutoka nyuma ya vyoo," nikaongeza.

"Itahama," Kwanza Mimi akasema.

Halafu nikakaa pale mchana kutwa nikitazama kitu ambacho natamani nisingekitazama. Mtu aliyeifanya kazi anamfundisha mtu aliyeiiba namna ya kuisema, kama mtoto anavyofundishwa sala.

"Kipima kelele kilikuwa wapi, Profesa?"

"Juu ya mtambo."

"Begani. Begani kwa mfumaji, karibu na sikio."

"Kwa nini begani? Juu ya mtambo ndiyo rahisi kukumbuka."

"Kwa sababu kelele inayodhuru ni ile inayomfikia mtu."

"Aa. Hiyo nzuri. Hiyo nitaitumia."

Na aliitumia. Barazani alivaa tai, akaweka mkono begani kwake mwenyewe, akatulia, akasema kwa sauti nzito, "Mheshimiwa, kelele inayodhuru ni ile inayomfikia mtu." Hata mwenyekiti aliandika. Wakili wa kiwanda alimzungusha, akamzungusha, jamaa anajibu neno kwa neno, uongo mtupu kwamba alikuwepo, ukweli mtupu kwamba ilikuwa hivyo. Nilikuwa namrudia Mama Sema-Tena kila jibu sikioni. Alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Wafumaji walishinda. Walimbeba Kwanza Mimi mpaka nje, wanamwita baba, ingawa kiwandani hawakuwahi kumwona. Mmoja alimbusu mkono, ule ule wa kuchokonoa meno. Shemeji alikuwa amesimama karibu na lango na mkoba wake, akipisha msafara.

"Umelipwa nini sasa?" nilimwuliza ndani ya gari.

"Wamelipwa wao."

"Sikuuliza hao."

Akashusha kioo cha gari. Mdogo wangu aliyarudisha mapazia ya zamani, hakusema neno, na kwa yule hiyo ni adhabu kubwa.

Maabara ilihamishwa kweli. Iko sasa pembeni ya jenereta la chuo. Ukumbi umepewa jina la Kwanza Mimi, herufi za shaba juu ya vioo. Humo wanafanyia mitihani, maana ndiyo shughuli pekee ambayo mtu haruhusiwi kusema. Shemeji ni mhadhiri kama alivyokuwa, na kila mwaka anawaingiza wanafunzi wapya ukumbini, anatoboa puto, anawaambia wasikilize jinsi ukuta unavyodanganya. Trei za mayai hazitaji. Alishaziuza.

Lile tangazo hawajaliacha. Uongo uliorekodiwa vizuri hauna gharama ya kuurudia.

Juzi juzi Mama Sema-Tena alikuja dukani. Fidia ilikuwa imemnunulia kifaa cha kusikilizia, kinakaa nyuma ya sikio kama mdudu. Alikuwa mpole, anatembea kwa tahadhari, kila kitu kinamshtua: koleo, honi, chenji inayoanguka kwenye droo.

"Habari za asubuhi, mama," nilimwambia, kwa sauti ya kawaida.

"Nzuri, mwanangu." Akacheka, mkono mdomoni, kama msichana. Hakuniambia nirudie.

Redio ilikuwa inaongea pembeni. Ikaja ile sauti safi, kavu: "...na kila neno linalosemwa ndani yake litasikika." Mama akainua kidole, akasikiliza mpaka mwisho. Aliitambua, na ule uongo wa ukumbi pia.

"Huyu ndiye aliyetubandika vile vifungo begani," akasema.

"Ndiye."

Akakitoa kifaa sikioni, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakitia kwenye pochi na kuifunga zipu.

"Misumari ya bati, mwanangu," akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kupiga kelele. "Na usinipunje."